Mpiganaji Mzee Kwenye Benchi la Darasa la Kwanza

Kituo cha umeme cha Matebe, mashariki mwa Kongo, kilipozinduliwa Desemba 2015, mto Rutshuru ulianza kuwasha taa za mji unaoitwa kwa jina lake. Kabla ya hapo, aliyetaka kuona filamu Rutshuru au Kiwanja alifuata mlio wa jenereta hadi kwenye chumba cha video, akalipa mlangoni, akabanana na vijana wenzake kwenye mabenchi, akatoka amelowa jasho. Wanawake walioingia humo walikuwa wachache, na wazee karibu hawakuingia kabisa. Umeme ulipofika majumbani, televisheni iliwekwa sebuleni na filamu ikawafuata watu walipo: bibi kwenye kiti chake, mama anayechambua maharage, watoto waliojilaza mkekani. Vita vikikata nyaya giza hurudi, na hapo paneli ya jua au betri ya gari ndiyo inayookoa jioni. Hata hivyo, mazoea ya kuangalia filamu nyumbani yamekwisha kuota mizizi, na yameleta swali ambalo chumba cha video hakikuwahi kuuliza. Ni filamu gani inayofaa kuonwa na familia nzima, ikiwa ndani ya familia hiyo yumo mtu aliyewahi kushika bunduki?

Anayepita kwenye meza za wauza diski na flashi, kuanzia soko la Kiwanja hadi Birere mjini Goma, ataona silaha kwenye karibu kila jalada. Zipo filamu za Kihindi, za Kinigeria na za kuruka mateke za Hong Kong. Zipo zile zilizosimuliwa kwa Kinyarwanda, ambazo watu huziita agasobanuye, na nyingine zilizosimuliwa kwa Kiganda au kwa Kiswahili na mtu mmoja anayeigiza sauti zote, za shujaa, za adui na za bibi harusi. Katika lundo hilo lote, komando hakosekani. Na hii ni wilaya ambayo mtoto hutofautisha mlio wa Kalashnikov na wa kombora kabla hajajua kugawanya kwa tarakimu mbili.

Rambo, kwa mfano. Jina hilo limezunguka vita vingi vya Afrika. Sierra Leone katika miaka ya 1990 wapiganaji vijana walioneshwa filamu zake, na mashariki mwa Kongo mwanajeshi mkali hupachikwa jina hilo bila mtu kuuliza limetoka wapi. Ni wachache wanaokumbuka kwamba filamu ya kwanza, First Blood ya mwaka 1982, ni hadithi ya mtu mgonjwa. Askari aliyerudi kutoka Vietnam anamtafuta rafiki yake wa kikosini, anaambiwa amekwisha kufa, kisha polisi wa mji mdogo wanamfukuza kama mzururaji. Katika filamu nzima anakufa mtu mmoja tu. Mwishoni Rambo analia kama mtoto mbele ya kamanda wake wa zamani na kusimulia yale asiyoweza kuyasahau. Miaka mitatu baadaye ikatoka ya pili, machozi yakafutwa, maiti zikawa hazihesabiki, na hiyo ndiyo Rambo iliyofika kwetu.

Kuna filamu moja, ya hapa hapa Afrika Mashariki, iliyoanzia pale Rambo wa kwanza alipoachia. Inaitwa The First Grader. Ilioneshwa kwa mara ya kwanza katika matamasha ya Telluride na Toronto mwaka 2010, ikaingia kwenye majumba ya sinema ya Marekani na Uingereza mwaka 2011, na kwa miaka mingi sasa inapatikana kwenye DVD. Ni filamu inayochekesha na kuliza kwa zamu, juu ya mpiganaji wa zamani ambaye vita vyake havijamtoka mwilini, na anachokitaka ni kitu kimoja tu: kujifunza kusoma. Kwa maoni ya makala haya, hakuna filamu inayostahili zaidi kuingia kwenye sebule za Rutshuru.

Kisa chenyewe ni cha kweli. Mwaka 2003 serikali mpya ya Mwai Kibaki ilifuta karo katika shule za msingi za Kenya, na zaidi ya watoto milioni moja wakamiminika madarasani. Tarehe 12 Januari 2004, Kimani Ng'ang'a Maruge, mzee wa miaka 84, alijiandikisha darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiyo mjini Eldoret. Wajukuu wake wawili walikuwa tayari wanafunzi wa shule hiyo hiyo. Alieleza wazi kilichomleta. Alitaka kuisoma Biblia mwenyewe, maana hakuwa na hakika kwamba wahubiri walikuwa wanaisema kama ilivyoandikwa. Na alitaka kujua kuhesabu, ili siku fidia ya wapiganaji wa Mau Mau, wenzake waliopigana na ukoloni wa Waingereza, ikitoka asije akapunjwa.

Mwalimu mkuu, Jane Obinchu, alimpokea. Picha ya mzee huyo mwenye kaptura, soksi ndefu na mkongojo, akiwa ameketi katikati ya watoto wa miaka sita, ilizunguka dunia nzima. Kitabu cha rekodi cha Guinness kikamwandika kuwa mtu mzee kuliko wote waliowahi kuanza shule ya msingi. Mwaka 2005 wenzake walimfanya kiongozi wa wanafunzi, na Septemba mwaka huo akapanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, akaenda New York kuzungumza kwenye Umoja wa Mataifa kuhusu elimu ya bure.

Filamu imejengwa juu ya hapo. Mwongozaji wake, Mwingereza Justin Chadwick, alipelekewa wazo la kuipiga Afrika Kusini, kama zinavyopigwa filamu nyingi zinazodai kuwa za Kenya, akakataa na kwenda Bonde la Ufa. Watoto wanaoonekana darasani ni wanafunzi wa kweli wa kijijini, na inajulikana kwa macho: hawaigizi, wanamshangaa tu huyu mwanafunzi mwenzao mwenye mvi. Maruge anaigizwa na Oliver Litondo, Mkenya ambaye Wakenya wa umri fulani wanamkumbuka kama msomaji wa habari wa televisheni. Mwalimu Jane anaigizwa na Naomie Harris wa Uingereza. Na sauti ya redio inayotangaza habari njema ya shule ya bure ni ya mchekeshaji Daniel Ndambuki, yule Churchill ambaye vipande vyake vya video vinazunguka kwenye simu hadi huku kwetu.

Kicheko kinaanzia getini. Mzee anafika, anafukuzwa: hapa pa watoto. Anarudi, anaambiwa mwanafunzi hawezi kuingia bila sare. Basi anakata suruali yake ikawa kaptura, anavuta soksi hadi magotini, anarudi tena amesimama wima kama askari wa gwaride. Ni mbinu ile ile ya kivita: ukikataliwa mbele, zunguka ubavuni. Mtazamaji anacheka, na kabla hajamaliza kucheka anagundua kwamba mtu huyu alijifunza ukaidi huo mahali pa kutisha.

Mahali hapo filamu inapaonesha kidogo kidogo. Mwaka 1952 Waingereza walitangaza hali ya hatari nchini Kenya, iliyodumu hadi 1960, na kuwafungia maelfu kwa maelfu ya watu kambini. Maruge wa kwenye filamu anapoteza mke na watoto, anateswa ili akikane kiapo cha Mau Mau, na anakataa. Kati ya mateso hayo limo moja ambalo mtazamaji halisahau: kalamu ya risasi iliyochongwa ncha inaingizwa kwa nguvu sikioni mwake. Miaka hamsini baadaye, yuko darasani, na anatakiwa kuchonga kalamu. Kwa mtoto aliye karibu naye, hiyo ni kazi ndogo ya kila asubuhi. Kwa mzee, mkono unagoma, pumzi inapanda, chumba kinageuka kuwa kambi. Hakuna mlipuko, hakuna helikopta. Kuna kichongeo na vumbi la mbao, na mtu mzima anayetetemeka.

Hapo ndipo filamu hii inapozishinda filamu zote za komando kwa pamoja. Nani Rutshuru asiyemjua mtu wa namna hiyo? Yule jirani asiyevumilia mlango kugongwa kwa kishindo. Kijana anayekataa kulala upande wa dirisha. Baba ambaye fataki za sikukuu zikilia haonekani uani hadi kesho yake. Watu husema amelogwa, au ni bangi, au ni kiburi cha jeshi. Mara chache sana mtu husema kwamba ni vita vilivyobaki ndani, na kwamba vinaweza kubaki miaka hamsini.

Kasoro zipo, na ni haki kuzitaja. Filamu inarahisisha mno vita vya Mau Mau. Wagikuyu waliopigana upande wa Waingereza, na chuki iliyobaki kati ya nyumba na nyumba, havipewi nafasi inayotosha, ingawa hilo ndilo jeraha ambalo watu wa Rutshuru wangelielewa kwa haraka kuliko yote. Muziki nao unasukuma machozi mahali ambapo kimya kingetosha.

Kasoro kubwa zaidi ni pale inapoishia. Maisha ya Maruge yaliendelea baada ya ushindi wa filamu, na sehemu iliyoachwa ndiyo inayofanana nasi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 Eldoret ilichomwa moto. Mzee alifukuzwa kwake, akaishi kwenye hema katika kambi ya wakimbizi wa ndani, na akiwa humo, mwenye miaka 87 au 88, aliendelea kwenda shuleni. Baadaye alihamia nyumba ya wazee jijini Nairobi na kujiandikisha darasa la sita katika shule nyingine. Mwaka 2009 alibatizwa, akachukua jina la Stephen. Saratani ya tumbo ilimuua tarehe 14 Agosti mwaka huo huo, kabla filamu haijatoka na kabla fidia haijalipwa.

Watu wa Rutshuru wanalijua hema hilo. Waasi wa M23 walipouteka mji huo na Kiwanja mwishoni mwa Oktoba 2022, familia zilizokimbilia kusini zilijaza Kanyaruchinya, kisha Bulengo na kambi nyingine kuizunguka Goma, hadi kambi hizo zilipobomolewa mapema 2025. Humo walikuwemo watoto waliosomea chini ya turubai na wengine, wengi zaidi, ambao hawakusoma kabisa. Humo walikuwemo pia wanaume waliokuwa wamewahi kupigana, kwa bendera moja au nyingine, na sasa walipanga foleni ya maji kama kila mtu.

Kongo ina mpiganaji wa zamani wa kila kizazi. Babu wa babu za watu wa leo walikuwemo katika Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo, iliyovuka mpaka na kuingia Tabora Septemba 1916. Wengine walishinda Saïo, Ethiopia, mwaka 1941, wakarudi na medali na kimya. Koplo Albert Kunyuku alikuwa na umri wa takriban miaka 100 Mfalme Philippe wa Ubelgiji alipomvisha nishani mjini Kinshasa Juni 2022, miaka 77 baada ya vita alivyovipigana kumalizika. Kisha wakaja makadogo, askari watoto wa 1996 na 1997, waliotembea kwa miguu hadi Kinshasa nyuma ya Laurent-Désiré Kabila. Kadogo aliyekuwa na miaka 12 wakati ule amekwisha kuvuka arobaini. Ana watoto. Ana mkopo wa pikipiki. Kuna herufi ambazo hakuwahi kufundishwa.

Serikali imewaahidi watu hawa mengi. Matokeo mengine ni ya aibu: mwaka 2014, shirika la Human Rights Watch lilieleza kwamba zaidi ya watu mia moja, wapiganaji waliosalimisha silaha pamoja na wake na watoto wao, walikufa kwa njaa na magonjwa katika kambi ya Kotakoli, mkoa wa Équateur wa zamani. Miaka michache baadaye, waliojisalimisha Mubambiro, karibu na Sake, walilalamikia chakula, na wengi wakarudi msituni. Mpango mpya uliotangazwa Julai 2021 ulisema safari hii watu watarudishwa vijijini kwao badala ya kupelekwa kambini mbali. Muda si mrefu vita vya M23 vikaanza upya, na waliokuwa wanasubiri kuweka silaha chini wakapewa sababu mpya ya kuzishika.

Sinema imewaona watu hawa wakiwa watoto tu. Rebelle, ya Kim Nguyen wa Kanada, iliyopigwa Kinshasa, ilimpa msichana aliyelelewa mitaani, Rachel Mwanza, tuzo ya mwigizaji bora wa kike mjini Berlin mwaka 2012. Ni filamu nzuri sana. Lakini hakuna anayemfuata kadogo hadi anapoota mvi. Mkongomani Dieudo Hamadi amekaribia hapo kwa njia yake: katika En route pour le milliard, ya mwaka 2020, aliwafuata majeruhi wa vita vya siku sita vya Kisangani vya Juni 2000 kati ya majeshi ya Rwanda na Uganda, wenye miguu ya bandia na mikongojo, wakishuka mto Kongo kwa boti kwenda Kinshasa kudai fidia yao. Hao ni raia. Wanaimba, wanataniana, wanaigiza jukwaani, wanagombana, wanalala kwenye mvua. Filamu hiyo na ya Maruge zingefaa kuonwa wiki moja, kwa sababu zote mbili zinamwonesha mtu aliyeumizwa na vita akigonga mlango wa serikali na kuambiwa arudi kesho.

Wakati mwingine mlango hufunguka, na filamu huwa imesaidia kuusukuma. Rachid Bouchareb alipotoa Indigènes mwaka 2006, kuhusu askari wa Afrika Kaskazini waliopigania Ufaransa, Rais Jacques Chirac aliiona, na serikali yake ikatangaza kuzipandisha pensheni za askari wa makoloni zilingane na za Wafaransa, hatua iliyowagusa takriban watu 80,000. Mau Mau nao, baada ya kesi ndefu mahakamani London, walipata neno rasmi Juni 2013: Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228 walioteswa. Maruge alikuwa amekwisha kufa karibu miaka minne kabla. Kuhusu Kisangani na maeneo mengine, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Februari 2022 kwamba Uganda iilipe Kongo dola milioni 325.

Kongo nayo ilifuta minervali, yaani karo, ya shule za msingi za serikali Septemba 2019. Madarasa yalifurika kama yalivyofurika Kenya, walimu wakalalamikia mishahara, na shule za Rutshuru zikapata shida za ziada za vita. Hata hivyo, sheria ipo. Mtu mzima asiyejua kusoma, hata kama mikono yake imezoea bunduki, angeweza kesho kwenda kusimama getini akiwa na daftari. Pengine mwalimu mkuu angemtimua. Pengine wazazi wangeandamana, kama wanavyofanya kwenye filamu, wakisema benchi ni la watoto wao na fedha za serikali ni za watoto wao. Hoja hiyo si ya kijinga, na ni sifa ya filamu kwamba inaiacha isikike. Katika darasa lenye watoto themanini, kila nafasi ina mwenyewe. Mwalimu Jane analijua hilo, na bado anamfungulia. Gharama ya uamuzi wake anailipa yeye: anahamishiwa mbali, na Maruge anasafiri hadi Nairobi, anavua shati mbele ya wakubwa wa elimu na kuwaonesha mgongo wake.

Kikwazo kwa sebule zetu ni lugha. Sehemu kubwa ya maneno ya filamu ni ya Kiingereza, na bibi aliyeketi kwenye kiti chake hasomi maandishi yanayopita chini ya kioo. Lakini ufundi wa kuondoa kikwazo hicho upo tayari mikononi mwa vijana wetu. Msimulizi anayeweza kumfanya komando wa Kichina azungumze kama mtu wa Bunagana hawezi kushindwa na mzee wa Kigikuyu anayebishana na mwalimu. Tena kazi hii ingemtaka zaidi: ajue kunyamaza pale kalamu inapochongwa. Goma ina watu wa kazi hiyo. Kituo cha Yole!Africa kimewafundisha vijana kamera na uhariri tangu miaka ya 2000, na tamasha la filamu lililozaliwa humo limeonesha kazi za Wakongomani mjini hata katika miaka ambayo kila mtu alidhani haliwezekani. Kupata ruhusa ya wenye filamu, kukaa wiki chache na maikrofoni, na kutoa nakala ya Kiswahili kinachosemwa Kivu: hayo yako ndani ya uwezo wao, na makala haya yanawaomba wayafanye. Redio za jamii nazo zingeweza kuirusha sauti yake peke yake, kwa vijiji ambavyo umeme wa Matebe haujafika.

The First Grader ina dakika 103. Mateso na mauaji yanaoneshwa waziwazi, kwa hiyo watoto wadogo walale kwanza. Na kama nyumbani yupo aliyewahi kupigana, aulizwe mapema kama anataka kuiona, aachiwe kiti karibu na mlango, na inapokwisha asilazimishwe kueleza chochote.